Klogi na sandozi za koki: jinsi ya kuchagua pea itakayokukaa na kuitunza isife mapema

Pea yangu ya kwanza ya sandozi za koki ilifia ndani ya gari. Niliziacha kwenye dashibodi kutwa nzima, madirisha yamefungwa, jua kali, jioni nazichukua nakuta soli ya chini imebanduka huku mbele na koki ya pembeni imepasuka nyufa nyufa kama tope lililokauka, na iliniuma kweli maana ndio kwanza zilikuwa zimeanza kushika umbo la unyayo wangu. Tangu hapo nimevaa pea nyingi, za koki, za mbao, za povu, kwa sababu kazi yangu ni ya kusimama na miguu yangu haitaki mchezo. Haya ninayoandika ni yale ambayo ningependa mtu angeniambia siku ile kabla sijanunua.

Kwanza tuelewane tunaongelea kitu gani. Koki ninayoisema hapa sio ile ya bomba la maji, ni ile inayotengenezewa vizibo vya chupa. Ni gome la mti wa jamii ya mwaloni unaoota nchi zinazozunguka Mediterania, na Ureno peke yake inatoa karibu nusu ya koki yote duniani. Mti haukatwi, unabanduliwa gome tu, mara ya kwanza ukiwa na miaka kama 25 hivi, halafu unaachwa miaka 9 gome liote upya ndio wanarudi tena. Ndani ya hilo gome kuna vichumba vidogo vidogo mno vimefungwa na hewa ndani, ndio maana koki ni nyepesi, ukiibonyeza inarudi, na maji hayaipenyi kirahisi. Lakini kwenye kiatu hawaweki gome zima, wanaisaga iwe punje punje halafu wanaichanganya na lateksi, yaani utomvu wa mpira, na huo utomvu ndio unaozishika zile punje pamoja. Uweke akilini huo utomvu maana ndio unaokauka, na shida nyingi za sandozi za koki zinaanzia hapo.

Ukiitazama sandozi ya koki kwa ubavuni unaona matabaka: chini kabisa soli inayokanyaga ardhi (mara nyingi ni EVA, lile povu jepesi), juu yake kitambaa cha juti (kama cha gunia), halafu koki yenyewe, juti tena, na mwisho ngozi ya swedi (ile yenye nyuzi fupi laini juu) unayoikanyaga wewe. Walioifanya ijulikane duniani ni Birkenstock wa Ujerumani, sandozi yao ya Madrid ilitoka 1963 na ile ya mikanda miwili, Arizona, 1973, ila leo umbo hilo linatengenezwa na viwanda chungu nzima kwa hiyo ninayosema yanahusu zote.

Klogi nayo ni kiatu kilichozibwa mbele na mara nyingi kiko wazi nyuma. Kuna za soli ya mbao, ambazo ni ndugu wa mtalawanda ila juu zina ngozi iliyopigiliwa misumari kuzunguka ubao. Kuna za soli ya koki. Kuna za povu tupu kama Crocs, hizo zimeingia sokoni 2002. Na kuna zile nzito za kazini zenye soli ya poliyurethani (aina ya plastiki), wauguzi na wapishi wanazipenda sana kwa sababu wanasimama zamu nzima.

Pima mguu wako kabla hujapenda rangi

Pima jioni, sio asubuhi, mguu unavimba kidogo kadiri siku inavyoenda na kiatu kinachokukaa saa mbili asubuhi kinaweza kukubana saa kumi na moja. Weka karatasi sakafuni, kisigino kiguse ukuta, simama wima uzito wote uwe kwenye mguu huo (ukikaa kwenye kiti unapata kipimo cha uongo), kalamu iwe imesimama wima, zungusha mguu mzima. Fanya miguu yote miwili maana wengi wetu mguu mmoja ni mkubwa kuliko mwenzake, na unanunua kwa ajili ya ule mkubwa. Halafu pima kwa rula kutoka ukutani mpaka ncha ya kidole kirefu zaidi, andika milimita.

Hizo namba za Ulaya, 38, 39, 40, kila namba moja ni theluthi mbili za sentimita, karibu milimita 7 tu. Nalisema hili kwa sababu watu wanaogopa kupanda au kushuka namba moja wakati tofauti yenyewe ni unene wa penseli.

Sasa ile karatasi usiitupe. Kata ule mchoro kwa mkasi uende nao, uweke ndani ya sandozi unayoitaka. Sandozi nzuri ya koki ina kingo zilizoinuka kuzunguka mguu, karatasi inatakiwa ilale ndani ya hizo kingo bila kuzipanda popote, na ibaki nafasi ya milimita 3 mpaka 6 hivi mbele ya vidole na kidogo nyuma ya kisigino. Ikipanda ukingo wa pembeni lakini urefu uko sawa, shida yako sio namba, ni upana. Baadhi ya viwanda vinatoa upana wa aina mbili kwa namba ileile, mwembamba na wa kawaida, kwa hiyo uliza hilo kabla hujapanda namba. Hapa ndipo wengi wanapokosea, anaona inambana pembeni anachukua kubwa zaidi, matokeo yake kile kilima cha katikati kinahama, badala ya kukaa kwenye uvungu wa unyayo kinamchoma mbele, mwisho anasema hizi sandozi zinaumiza kumbe alichukua umbo lisilo lake.

Kujaribu sandozi ya koki

Legeza mikanda yote kwanza. Ingiza mguu, gonga kisigino chini mara mbili ili kikae kwenye lile shimo lake, ndipo ufunge mikanda. Watu wanafunga kwanza halafu wanasukuma mguu, hapo kisigino kinabaki kimekaa juu ya ukingo na hawajui.

Ukishasimama, sikiliza sehemu tatu. Kisigino kiwe kimezama na ukingo umekizunguka kote. Uvungu wa unyayo uguse kile kilima, uguse tu, usisukumwe. Na mbele kuna kituta kidogo kinakatiza chini ya vidole, kile kinatakiwa kiangukie pale vidole vinapokunjika, sio chini ya ncha za vidole na sio chini ya unyayo wa mbele. Kituta kikikaa pasipo pake hakuna siku utakizoea, usidanganywe. Mkanda ufunge kiasi kwamba kidole kimoja cha mkono kinapita chini yake kikiwa kimelala.

Na tafadhali usichague kwa ulaini. Hili naliamini sana. Kiatu kinachozama ukikikanyaga kina raha ya dakika tano pale unapojaribu, baada ya muda povu linalala na unabaki unakanyaga sakafu. Koki mpya ni ngumu, hilo ni sawa, inatakiwa iwe ngumu, raha yake ni kwamba inaubeba unyayo mzima badala ya kuacha kisigino na mbele vibebe kila kitu. Kama mguu wako hauna nyama nyingi chini na unaumia ukikanyaga pagumu kuna zile zenye tabaka jembamba la sponji chini ya swedi, hizo ni sawa kuanzia nazo.

Jaribio jingine: shika sandozi mbele na nyuma uisokote kama unakamua nguo. Ikisokoteka kirahisi, iache hapo. Bonyeza na koki ya pembeni kwa kucha, ya kweli inabonyea kidogo na kurudi, kuna za bei ya kutupa ambazo pembeni wamebandika plastiki yenye picha ya koki na utaona mchoro unajirudia rudia uleule. Koki halisi punje zake hazifanani.

Kujaribu klogi

Klogi ni hadithi nyingine kwa sababu nyuma hakuna kinachokushika. Unashikwa sehemu moja tu, juu ya mguu, pale panapoinuka kabla ya kifundo. Kwa hiyo hapo lazima pakubane kidogo, na kisigino kiwe huru. Ukitembea kisigino kitanyanyuka kutoka kwenye soli na kurudi, ndivyo inavyotakiwa, hasa ya mbao maana ubao haukunjiki, kisigino kisiponyanyuka utatembea kama umefungwa ubao mguuni. Ila vidole vyako visiwe vinakunjana kuing'ang'ania isivuke. Ukiona vidole vinakunja kucha kama vya ndege kwenye tawi, klogi ni kubwa au ngozi ya juu iko juu mno kwa mguu wako.

Vidole visiguse mbele kabisa. Shuka ngazi kama zipo maana ukishuka mguu unateleza mbele na hapo ndipo ukweli unaonekana. Ya mbao au ya poliyurethani urefu wake hauongezeki hata uvae mwaka, kinacholegea ni ngozi ya juu peke yake, kwa hiyo kubana juu ya mguu siku ya kwanza vumilia, kubana kwenye vidole usivumilie.

Nisipite bila kusema hili. Kama una kisukari na unaanza kupoteza hisia miguuni, au unayumba ukitembea, klogi iliyo wazi nyuma sio kiatu chako, chukua iliyofungwa au yenye mkanda wa kisigino, na muulize anayekutibu, kwa sababu lengelenge usilolisikia linageuka kidonda. Klogi za mbao na zile nene za kazini zinageuza kifundo cha mguu ukikanyaga ukingo wa njia, kwa hiyo kwenye mabonde na mawe zivue. Usiendeshe gari na kiatu kilicho wazi nyuma, kinaweza kunasa chini ya pedali. Na klogi za povu laini zimewahi kunasa kwenye ngazi za umeme na kuumiza watoto, simama katikati mbali na kingo.

Wiki mbili za kwanza

Usizivae kwenda kazini siku ya kwanza. Saa moja ndani ya nyumba, kesho saa moja na nusu, ukichoka vua. Uvungu wa unyayo utauma kama mtu aliyefanya mazoezi, na misuli ya nyuma ya mguu pia, hayo yanapita. Ganzi, maumivu ya kuchoma, au lengelenge linalorudi palepale kila siku, hayo hayapiti, rudi kwenye mkanda na namba ukaangalie upya. Joto na jasho la mguu ndivyo vinavyoilainisha koki ifuate umbo lako, kwa hiyo hakuna njia ya mkato. Nimeona watu wanazilowesha maji eti zizoee haraka, hapana, mnaharibu juti na gundi.

Baada ya kama mwezi geuza sandozi uangalie ndani. Utaona alama nyeusi za vidole vitano, unyayo wa mbele, na duara la kisigino. Hiyo ni ramani. Ya kwangu moja ilikuwa na alama ya kidole gumba imepanda kabisa juu ya ukingo wa mbele, nusu kwenye swedi nusu hewani, na kumbe ndio sababu ukucha wa mguu ule ulikuwa unauma kila jioni, nilikuwa nimechukua ndogo na miezi nikawa nasingizia kazi. Alama za vidole zikikaa ndani ya ukingo, zimejipanga, uko salama.

Klogi ya mbao ilainishe ngozi kwa kuvaa soksi nene ndani ya nyumba na kupaka mafuta ya ngozi pale panapobana, kidogo kidogo, ikilegea kupita kiasi hairudi.

Matunzo ya koki

Adui namba moja ni joto. Gari, jiko, hita, kibaraza chenye jua la mchana. Utomvu unakauka, koki inasinyaa, gundi inaachia. Hakuna dawa ya pili inayoshinda kuziweka kivulini.

Adui wa pili ni maji yaliyoachwa. Ukinyeshewa usihamaki, futa kwa kitambaa kikavu, jaza karatasi chini ya mikanda zishike umbo, zilaze kwa ubavu hewa ipite chini, ziache kivulini hata siku mbili. Matope yaache yakauke kwanza ndipo uyapige brashi, ukiyafuta mabichi unayaingiza kwenye ngozi. Maji ya bahari yafute mapema kwa kitambaa chenye maji safi maana chumvi inakausha ngozi ikabaki na mistari myeupe.

Sasa kuziba koki, kazi ambayo watu wengi hawajui kama ipo. Kiwandani koki ya pembeni imepakwa kitu kinachoikinga na maji na uchafu, na kinaisha. Shika sandozi karibu na macho kwenye mwanga. Koki nzima inang'aa kidogo kama imepitishiwa ute. Iliyochoka imepauka, inaacha vumbi la kahawia kwenye kidole, na pale inapokunjika karibu na vidole unaona vimistari vyembamba kama nywele. Ukiyaona hayo, paka, na hata usipoyaona paka mara moja au mbili kwa mwaka kama unazivaa sana.

Nunua dawa ya kuziba koki iliyotengenezwa kwa maji, ikitoka ni nyeupe ikikauka haina rangi. Sugua pembeni yote kwa mswaki mkuukuu wenye unyevu kidogo, futa, ziache kivulini mpaka kesho yake, usipake juu ya koki mbichi utafungia unyevu ndani. Halafu chukua brashi ndogo au kidole, paka tabaka jembamba kwenye koki tu, usiguse swedi wala ngozi, na uhakikishe imeingia pale koki inapokutana na soli maana ndiko maji yanakopenya. Subiri ikauke kabisa, paka mara ya pili. Nusu saa ya kazi yenyewe, muda mwingi ni kusubiri. Ufa mdogo unaujaza na gundi nyeupe ya mbao iliyochanganywa na unga wa koki, kwangua kizibo cha chupa kwa msasa utaupata, ukikauka unalainisha kwa msasa mwembamba ndipo unaziba juu. Ufa unaopita mpaka chini, mpelekee fundi.

Swedi ya ndani usiioshe. Piga brashi mara kwa mara, nyuzi zisimame. Ikichafuka sana changanya bekingi soda na maji kidogo iwe uji mzito, sugua kwa mswaki kwa mizunguko, futa kwa kitambaa ulichokikamua vizuri, kausha kivulini. Kwa harufu nyunyiza hiyo soda kavu usiku, asubuhi kung'uta. Ila dawa kubwa ya harufu ni kuwa na pea mbili za kupokezana, kila moja ipumzike siku nzima ikauke jasho, na utashangaa zote mbili zinavyodumu. Mashine ya kufulia sahau kabisa.

Mikanda inategemea. Ngozi laini ya kawaida inataka mafuta ya ngozi mara chache kwa mwaka, swedi na nubaki (ngozi iliyosuguliwa juu ikafanana na swedi) ni brashi na dawa ya kukinga maji, usizipake mafuta zitakuwa na mabaka. Ya sintetiki futa tu kwa kitambaa. Bizimu ikishika kutu ipanguse haraka kabla haijatia ngozi doa.

Mbao na povu

Soli ya mbao inapasuka ikikauka ghafla, kwa hiyo nayo mbali na hita. Ubao ambao haujapigwa vanishi upake mafuta ya kitani tabaka jembamba, futa yanayobaki. Kitambaa ulichotumia kitandaze nje kikauke, usikikunje ukakitupa kwenye pipa, mafuta ya kitani yanapokauka yanatoa joto na kitambaa kilichokunjwa kinaweza kujiwasha moto chenyewe. Msumari ukichomoza ugonge mapema. Mpira wa chini ukiisha badilisha kabla ubao wenyewe haujaanza kulika, na ubao ukipasuka katikati hapo imeisha.

Za povu ni rahisi: sabuni, maji ya uvuguvugu, brashi, kivuli. Maji ya moto hapana, mashine ya kukaushia hapana, ndani ya gari juani hapana, zinasinyaa namba nzima na hazirudi. Mifereji ya chini ikiwa imeisha imekuwa laini, ziachie kazi za mahali pakavu, kwenye sakafu yenye maji utaanguka.

Kubadilisha soli

Geuza sandozi kila mwezi utazame kona ya nje ya kisigino, kwa watu wengi soli inaanza kulika hapo. Mistari ya soli ikiisha na bado kuna EVA ya milimita chache, nenda kwa fundi siku hizo hizo. Ukisubiri mpaka uione koki chini umechelewa, maana koki ikianza kukanyaga ardhi inalika haraka na soli mpya haina pa kushika sawasawa. Mwambie abadilishe zote mbili hata kama moja inaonekana nzima, asage ile ya zamani mpaka iwe bapa, na asiipige koki moto mwingi anapopasha gundi. Ukienda kuzichukua ziweke mezani kabla hujalipa, macho yako yawe usawa wa meza, bonyeza mbele kwa kidole kimoja halafu nyuma upande wa nje na wa ndani. Mbele huwa pameinuka kidogo, hilo ni umbo lake, lakini kisigino kikiyumba kushoto kulia hajasaga bapa, mrudishie asage upya.